Kanuni za nyumba za safu: mwongozo kamili kwa wakazi wa kompaundi Mtwara na Lindi

Kanuni nyingi za kompaundi huandikwa kwa hasira. Mtu kapiga muziki mpaka saa nane usiku, kesho yake kikao, keshokutwa karatasi imebandikwa getini: marufuku muziki, marufuku kuku, marufuku kuanika nguo upande wa mbele. Mvua ikinyesha mara mbili karatasi imechanika na hakuna anayeikumbuka. Wakati huohuo vitu vinavyoweza kuua mtu, kama dari inayopita juu ya nyumba zote bila kizuizi, mfuniko wa karo la majitaka uliopasuka au geti lililoliwa na chumvi ya bahari, havimo kwenye karatasi kwa sababu bado havijamkera mtu.

Wakazi wa nyumba za safu wanashirikiana ukuta, paa, bomba la majitaka na njia moja ya kutokea. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na hivyo mnavyoshirikiana, kisha ndipo unakuja kwenye tabia za watu. Mkifuata mpangilio huo mtaona kwamba baadhi ya marufuku zenu hazina kazi, na mengine ya lazima mlikuwa hamna kabisa.

Hatua ya 1: Someni hati kabla ya kuandika kanuni

Wekeni hati zenu mezani. Hali huwa ni moja kati ya mbili. Ya kwanza, kila mmoja ana hati ya sehemu yake chini ya sheria ya mwaka 2008 inayohusu umiliki wa sehemu za jengo. Hapo nyumba ni yako, lakini maeneo ya pamoja ni ya wote kwa mafungu, na sheria inataka kuwe na umoja wa wamiliki wa kuyasimamia, kukusanya michango na kusimamia kanuni. Ya pili, kila nyumba ina kiwanja kilichopimwa na hati yake, na aliyejenga alizungusha tu fensi, akaweka geti na kibarabara, akaondoka. Hapo umoja wenu ni makubaliano ya majirani, na nguvu yake ni saini zenu mpaka mtakapousajili.

Kwa hali yoyote ulizeni swali moja ambalo watu husahau: kile kibarabara, kisima na sehemu lilipokaa tangi viko kwa jina la nani? Kama bado ni vya aliyejenga, hiyo ndiyo ajenda ya kikao cha kwanza, muziki utasubiri.

Anayenunua aombe vitu vitatu kabla ya kulipa: nakala ya kanuni, taarifa ya mapato na matumizi ya mwaka uliopita, na maandishi yanayoonyesha kama nyumba hiyo inadaiwa mchango. Anayepangisha aambatanishe kanuni kwenye mkataba wa pango. Mwenye nyumba mara nyingi yuko Dar es Salaam au Newala, anayelala chini ya ile paa ni mpangaji. Mimi naona kwenye vikao vya usalama mpangaji awe na sauti sawa na mwenye nyumba. Kura za fedha ndizo zibaki kwa wamiliki.

Hatua ya 2: Zungukeni kompaundi na daftari

Jumamosi asubuhi, watu watatu wanatosha, pamoja na fundi umeme na fundi bomba wa kuwalipa. Msiende kundi zima, mtaishia kupiga soga. Pigeni picha kila kitu kinachotumiwa na zaidi ya nyumba moja, andikeni hali yake na nani anakihudumia. Kitakachokosa jina la mhudumu ndicho kitakachowaletea matatizo.

Hatua ya 3: Pandeni darini

Hapa ndipo pa kutumia muda. Mafundi wengi hupandisha ukuta wa kutenganisha nyumba mpaka usawa wa dari tu, halafu wanaezeka bati moja refu juu ya nyumba zote. Ukiwa chini unaona kila familia na nyumba yake. Ukipanda juu unakuta chumba kimoja kirefu kutoka namba 1 mpaka namba 8, kimejaa mbao kavu za kenchi, nyaya na vumbi. Moto ukianza jikoni namba 1, ukishatoboa dari hauna haja ya kuvunja ukuta wa mtu. Unatembea juu. Na mwizi anaijua njia hiyohiyo: anaingia kwenye nyumba ambayo wenyewe wamesafiri, anapanda, anakanyaga mbao mpaka juu ya chumba chako, anashuka. Geti lilikuwa limefungwa na mlinzi hakulala.

Kupima ni rahisi. Usiku, mtu mmoja apande darini kwake na tochi kali, wa nyumba ya pili apande kwake bila taa yoyote. Wa kwanza aelekeze tochi kwenye ukuta wa kati, aisogeze taratibu kutoka chini kwenda juu mpaka kwenye mabati. Wa pili akiona mwanga, hata mstari mwembamba chini ya migongo ya bati, ukuta haujafunga. Kanyageni juu ya mbao za kenchi tu. Ukikanyaga jipsamu utashukia sebuleni.

Dawa yake ni kupandisha tofali mpaka kwenye bati na kuziba migongo ya bati kwa mota. Boriti zinapotoboa ukuta, zibeni pembeni mwake. Kama kenchi haziruhusu tofali, fremu yenye jipsamu pande zote mbili ni afadhali kuliko uwazi, kwa sababu jipsamu ina maji ndani yake na hukawia kuruhusu moto kupita. Gharama wagawane wawili wanaoshirikiana ukuta huo. Kama mna fedha ya kufanya jambo moja tu mwaka huu, fanyeni hili.

Baada ya dari, madirisha. Nondo zinazomzuia mwizi kuingia ndizo zinazomzuia mtoto kutoka. Kila nyumba iwe na angalau dirisha moja la chumba cha kulala lenye nondo za kufunguka kwa ndani. Ufunguo wake uning'inie kwenye msumari ambao mtoto wa miaka minane anaufikia, lakini mkono wa mtu aliyesimama nje haufiki. Mlango wa grili nao ni hivyohivyo: wengi hufunga kofuli usiku, kisha ufunguo unalala kwenye mkoba kabatini.

Mtungi wa kuzimia moto wa unga, kilo 6, uwekwe kwa kila nyumba tatu au nne, nje, chini ya kivuli, pasipofungwa kwa ufunguo. Mshale wake uwe kwenye rangi ya kijani, na ukaguliwe kila mwaka. Namba ya Zimamoto ni 114, ya polisi 112. Ziandikwe getini pamoja na jina la mtaa, barabara na namba ya nyumba kama zilivyo kwenye anwani za makazi, kwa sababu mtu mwenye hofu husahau hata anapoishi.

Gari la zimamoto lina upana wa karibu mita 2.5. Geti la mita 3 lenye bodaboda mbili pembeni halipitiki. Kwa hiyo kanuni ya kwanza kabisa kwenye karatasi yenu isomeke hivi: "Njia kutoka getini hadi nyumba ya mwisho haiwekwi gari, pikipiki, mchanga wala matofali, hata kwa dakika tano."

Hatua ya 4: Gesi, mkaa na korosho

Kusini ni nchi ya gesi. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974, ya Mnazi Bay 1982, na leo zipo nyumba Mtwara mjini zinazopikia gesi asilia ya bomba iliyounganishwa na TPDC, shirika la petroli la taifa, wakati jirani wa ukuta anapikia mtungi. Watu huzichukulia kuwa ni kitu kimoja. Sivyo. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa: ikivuja inashuka, inatambaa sakafuni, inajaa kwenye mashimo na chini ya makabati. Gesi asilia ni nyepesi: inapanda kwenye dari, na kama dari ni ile ya pamoja, inakwenda kwa majirani. Anayetumia mtungi anahitaji tundu la hewa chini ya ukuta wa jiko. Wa bomba anahitaji tundu juu. Jiko lenye tundu upande usiofaa ni sawa na jiko lisilo na tundu.

Mtungi ukae nje kwenye kibanda chenye matundu, umesimama wima, mbali na karo na shimo lolote. Kila unapobadilisha mtungi, pakaza povu la sabuni ya unga kwenye regulata na kwenye viungo vya mpira. Fungua valvu, subiri kidogo. Povu likivimba vijibofu vinavyokua, funga, kaza, pima tena. Usipime kwa kiberiti, na bado wapo wanaofanya hivyo. Mpira ukianza kupasukapasuka ukiukunja, tupa.

Ukisikia harufu ya gesi usiku: funga valvu, fungua milango na madirisha, usiwashe wala usizime taa, toa watu nje, gonga mlango wa jirani wa kushoto na kulia kwa mkono badala ya kubonyeza kengele, na simu upige ukiwa nje.

Mkaa una hatari nyingine. Moshi wake ukiisha watu hudhani jiko ni salama, wanaliingiza ndani wakati wa mvua. Makaa mekundu yasiyotoa moshi hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na genereta ni vilevile. Jiko la mkaa na genereta visiingie ndani wala visiwekwe chini ya dirisha la mtu.

Sasa korosho, jambo ambalo kanuni za kunakili kutoka Dar es Salaam haziligusi. Wengi wetu tuna mashamba Tandahimba, Masasi, Nachingwea, na kuanzia Oktoba magunia yanakuja mjini. Kuhifadhi gunia mbili tatu si kosa. Kukaanga korosho zenye maganda ndani ya kompaundi, hapana: ganda lina mafuta makali yanayoshika moto haraka, na moshi wake unawasha macho na ngozi ya nyumba nzima ya upande unakoelekea upepo. Wakaangie shambani. Salfa nayo inayosalia baada ya kupulizia mikorosho isikae stoo ya nyumba ya safu. Ni unga unaowaka, na ukiungua hutoa hewa inayokaba kifua. Irudishwe shamba au ikae kwenye ghala la mbali.

Hatua ya 5: Chumvi inakula chuma

Ukikaa Shangani, Mikindani au karibu na ufukwe wa Lindi mjini unajua: bawaba mpya inapiga kutu kabla ya mwaka. Kinachoua ni geti la kusukuma. Uzito wake unabebwa na magurudumu kwenye reli ya chini, lakini kinacholizuia lisipinduke ni vibano viwili tu vya juu, na mwisho wa reli kuna stopa. Vibano vikiliwa na kutu au stopa ikikatika, geti linapita mwisho wa reli na kuanguka lote kwa pamoja, na wanaopenda kulisukuma ni watoto. Mara mbili kwa mwaka, kusi inapoanza na kaskazi inapoanza, mtu mmoja alikague: atikise kila kibano, agonge stopa kwa nyundo, akwangue kutu aone kama chuma kimebaki. Watoto wasilisukume wala kulidandia. Hilo ni kazi ya mlinzi na liandikwe kwenye mkataba wake.

Ukaguzi huohuo upite kwenye maboksi ya umeme ya nje, waya wa ethi unaoshuka ardhini, na pampu ya maji. Pampu ikimtikisa mtu hata kidogo, zima na mwite fundi siku hiyohiyo. Kama mita ya LUKU ya taa za nje na pampu ni ya pamoja, kumbukeni kwamba tangu 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU. Angalieni risiti mjue mnakatwa nini na ni nani wa kumwuliza.

Hatua ya 6: Karo, tangi na mbu

Karo la pamoja liwe na mfuniko wa zege ambao mtoto hawezi kuunyanyua, na mtu awekwe wa kuita gari la majitaka kabla halijafurika. Kuna kanuni moja hapa isiyojadiliwa: hakuna mtu kuingia kwenye karo, hata fundi, hata kuokota simu. Hewa iliyomo inaangusha mtu kwa pumzi chache. Wa kwanza akianguka, wa pili anaingia kumwokoa, naye anaanguka, na misiba ya namna hii huwa ya watu wawili, watatu. Piga 114, leta kamba, usishuke.

Tangi la maji lifunikwe na lisafishwe mara kwa mara. Kifuu cha nazi, ndoo na tairi la zamani vipinduliwe kila wiki, maana mbu wa namba 5 hang'ati watu wa namba 5 peke yao.

Hatua ya 7: Geti, mlinzi, kamera

Mlinzi apewe mambo machache aliyoandikiwa: daftari la wageni (jina, nyumba anayokwenda, saa), namba za simu za kila nyumba, na ruhusa ya kumzuia yeyote mpaka mwenyeji athibitishe, hata mgeni akiwa amevaa suti. Bodaboda wa chakula aishie getini. Wageni wa kulala zaidi ya siku chache wajulikane kwa mjumbe, kama ilivyo mtaani kote. Kompaundi yenye geti bado ni sehemu ya mtaa, na mwenyekiti wa mtaa na polisi kata wawe na namba za viongozi wenu.

Kamera zielekee getini na kwenye njia, zisielekee dirisha wala ua wa mtu. Tanzania ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo bandikeni tangazo kwamba kuna kamera na amueni ni nani anaruhusiwa kuangalia picha na zinafutwa lini. Kipande cha video cha jirani akirudi usiku hakitumwi kwenye kundi la WhatsApp.

Hatua ya 8: Kelele, sherehe, misiba, mbwa

Sasa ndiyo tufike kwenye yale mliyotaka kuanza nayo. Ukuta wa pamoja unapitisha besi kuliko maneno, kwa hiyo spika isiegemezwe kwenye ukuta huo wala isiwekwe sakafuni bila kitu chini yake. Kuanzia saa nne usiku sauti ibaki ndani ya nyumba yako. Sherehe ya unyago, jando au harusi itolewe taarifa wiki moja kabla, ikiwa na saa ya kuisha. Kibali cha muziki wa nje au ngoma ya usiku kitafutwe ofisi ya mtendaji, msikigeuze kuwa mzigo wa kamati.

Msiba hauombewi kibali. Turubai linapigwa, magari yanahamishwa, jiko la kupikia matanga linawekwa mbali na mitungi na nje ya njia, ambayo inabaki wazi, basi. Nimeona kamati ikimwandikia mfiwa barua ya onyo kwa sababu ya maegesho. Heri msiwe na kanuni kabisa. Wakati wa Ramadhani mkubaliane mapema kuhusu kuamshana kwa daku ili wasiofunga walale na wanaofunga wasijione wanasumbua.

Mbwa achanjwe kichaa cha mbwa kila mwaka, na cheti kionyeshwe. Mikoa ya kusini imekuwa kwenye kampeni kubwa za chanjo hiyo, kwa hiyo hakuna kisingizio. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama mbwa ni wa jirani na anaonekana mzima. Kuku na mbuzi amueni wenyewe. Kuku wawili bandani hawajawahi kuunguza nyumba ya mtu.

Ndani ya kompaundi magari yaende mwendo wa mtu anayetembea, na dereva azunguke gari lake kabla ya kurudi nyuma.

Hatua ya 9: Upepo mkubwa

Wazee wa Lindi wanakumbuka kimbunga cha Aprili 1952. Aprili 2019 Kenneth kilipita kusini yetu kikaipiga Msumbiji baada ya watu wa Mtwara kuambiwa wahame maeneo ya hatari, na Mei 2024 mvua za Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi upande wa Kilwa. Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) ikitoa tahadhari mna kazi ya siku moja: kazeni misumari ya bati za pembeni (bati la nyumba ya mwisho likianza kung'oka linavuta la jirani), angusheni nazi zilizokomaa juu ya paa na maegesho, zibueni mifereji, jazeni maji, chajini simu na taa. Wekeni chakula cha siku kadhaa, kwa kuwa barabara ikikatika duka la mtaani huisha haraka. Andikeni nani ana mzee au mgonjwa asiyetembea na nani atambeba.

Hatua ya 10: Michango na ugomvi

Mchango uingie kwenye akaunti yenye watia saini wawili wasio wa familia moja, usiingie kwenye simu ya mwenyekiti. Kila mwezi taarifa ya ukurasa mmoja ibandikwe: kilichoingia, kilichotoka, salio. Tengeni fungu la dharura kwa ajili ya karo, pampu na geti, lisiguswe kwa sherehe ya mwisho wa mwaka.

Anayedaiwa asitangazwe kwenye kundi. Mweka hazina amfuate au amwandikie peke yake, kwa heshima ya umri wake: "Shikamoo mzee. Samahani kwa usumbufu, naona mchango wa miezi miwili wa namba 7 haujaingia. Kama kuna ugumu tuongee tupange hata kidogokidogo." Wengi hulipa hapo, au wanaeleza shida. Kumkatia mtu maji au kumfungia geti msifanye. Mtageuka ninyi washtakiwa, na watoto wake hawana deni.

Ugomvi wa kuta, mipaka na matumizi uende kwa ngazi: mazungumzo ya wawili, kamati kwa maandishi, mjumbe na mwenyekiti wa mtaa, kisha Baraza la Kata, ambalo kwa migogoro ya ardhi siku hizi kazi yake ni kusuluhisha. Lisipofanikiwa ndipo mnaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kila ngazi itawauliza karatasi, hivyo daftari la vikao liwe na tarehe, majina ya waliohudhuria na saini zao, na nakala yake ikae nyumba mbili tofauti, zisiwe jirani wa ukuta.